Moto Uliopanda Kisandukuni

Watoto wa shule wa Kabondo, kabla ya kwenda darasani, walipita kwanza kwa Florentine. Alikuwa akikaanga mikate, yale maandazi madogo ya mviringo, mbele ya nyumba yake ya matofali mabichi. Mdomo wake ulikuwa mwepesi, na mikono yake ilikuwa myepesi zaidi. Alizaliwa upande wa Maniema, akaja Kisangani akiwa bibi-arusi, akimfuata mume wake Désiré aliyepata kazi katika kiwanda cha kupasulia mbao karibu na mto. Serikali ilikuwa imekwisha kupiga marufuku majina ya kanisa, kwa hiyo kwenye kadi yake ya uraia aliandikwa Wabiwa, na huko maofisini alikuwa citoyenne Wabiwa, yaani mwananchi Wabiwa. Lakini hakuna mtu wa Kabondo aliyewahi kununua mkate kwa citoyenne Wabiwa. Kwa majirani alikuwa Florentine, au Mama Colette, kwa jina la binti yake. Colette alikuwa wa pekee. Mimba zilizomfuata zote zilitoka.

Makala, yaani makaa ya kupikia, yalikuwa yameanza kuwa shida. Barabara za kwenda msituni zilikuwa zimekufa, malori yalikwama wiki nzima kwenye matope, na gunia lililofika sokoni liligombaniwa. Kiwandani kwa kina Désiré, kinyume chake, unga wa mbao ulirundikana kama kilima na hakuna aliyeutaka. Wafanyakazi waliruhusiwa kuuzoa. Jioni Désiré alirudi na gunia la unga huo limefungwa nyuma ya baiskeli, na Florentine aliushindilia ndani ya bati, chupa ikiwa imesimama katikati. Alipoichomoa chupa, lilibaki tundu, na moto ulipanda polepole ndani ya tundu hilo. Uliwaka vizuri. Taabu yake ilikuwa kwamba ukiisha ulisubiri bati lipoe, ukashindilia upya, na mtu wa kukaanga mikate asubuhi na kuchemsha maharage mchana hana nafasi ya kusubiri.

Aliyewatatulia wanawake taabu hiyo ni Waziri. Huyu alikuwa fundi wa bati, Mwislamu wa zile familia zilizokaa Kisangani tangu biashara ya zamani ya mababu, mtu mrefu mwenye maneno machache, na karakana yake ilikuwa chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yake. Alikata pipa akatengeneza jiko, kisha juu ubavuni akaliwekea kisanduku cha bati chenye shingo iliyolala. Ulijaza unga kisandukuni, ukafunika, na kadiri wa chini ulivyoungua, wa juu uliteremka wenyewe kupitia shingoni. Ukikwama, ulikigonga kisanduku ubavuni kwa kijiti. Ndivyo tu. Florentine alikuwa wa kwanza kulinunua, na kwa ule mdomo wake hakuna mteja aliyeondoka bila kuonyeshwa. Haukupita muda mrefu, nusu ya Kabondo ikawa inapikia jiko la kisanduku.

Siku ya ajali mvua ilinyesha tangu asubuhi. Colette, ambaye alikuwa akielekea kumaliza shule ya msingi, alibaki nyumbani kwa sababu ya malaria. Florentine aliliingiza jiko kwenye kijumba cha jikoni, akabandika maharage, akaliweka gunia la unga karibu na jiko lisilowe, akamwambia binti yake alale hapo hapo kwenye mkeka apate joto. Yeye akajifunika nailoni, akaenda sokoni kutafuta mafuta ya mawese.

Jirani yao Pélagie, aliyekuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo, barazani kwake, alisema baadaye kwamba alisikia mlio mmoja mzito, kama mtu aliyepiga shuka kubwa lililolowa. Halafu kimya. Halafu mtoto akatoka jikoni akitembea, hakukimbia, mikono ameinyoosha mbele yake, na nywele zake zilikuwa zinatoa moshi.

Hospitali wakati huo ilikuwa na vitanda na waganga lakini haikuwa na dawa. Ulipewa jina la dawa kwenye kikaratasi, ukaenda kuitafuta mjini. Désiré alizunguka na baiskeli mpaka akapata kidogo, kisha akakosa. Florentine alikaa kando ya kitanda akimpepea binti yake kwa kipande cha katoni, kwa maana hata shuka halikuweza kumgusa. Colette alikuwa na fahamu zake. Uso ulikuwa umevimba macho hayaonekani, lakini alisema, na alichosema alikirudia mara nyingi, kama mtoto anayeogopa kupigwa.

"Moshi ilikuwa inatoka kwa kisanduku, mama. Nilifungua tu nione. Nilifungua tu."

Florentine alimjibu kwamba hakufanya kosa lolote. Mtoto akafa kabla wiki haijaisha, alfajiri, mvua ikiwa imekatika.

Matanga yalipokwisha, chef, mkuu wa mtaa, alikuja na magendarme wawili, askari wa serikali. Alikuwa mtu wa chama, mwenye beji kifuani, na moto wa Kabondo ulikuwa umeulizwa na wakubwa wake huko kwenye zone, yaani wilayani. Alitaka pawe na mtu wa kuonyesha. Désiré alimpa mtu huyo bila kuulizwa mara mbili. Tangu mazishi hakula vizuri, na alikuwa akinywa lotoko tangu asubuhi, ile pombe kali ya mahindi, na unga uliomuua mtoto wake aliuleta yeye mwenyewe kwa baiskeli yake. Hilo hakuweza kulibeba. Alisema Waziri aliuza sumu. Alisema, mbele ya watu wote, kwamba kila mtu anajua watu wale wana mambo yao ya kuandika kwa wino na kuyanywesha. Florentine alisikia maneno hayo akiwa ameketi chini ukutani. Hakuwa na nguvu ya kukubali wala ya kukataa.

Walimchukua Waziri, na majiko yaliyokuwa karakanani waliyaponda kwa nyundo zake mwenyewe. Alikaa kule jela mpaka ndugu zake walipojua ni nani wa kumpelekea mbuzi. Aliporudi, sikio la kushoto lilikuwa limekufa kwa vibao, na hakutaka tena kusikia habari za majiko. Akawa anatengeneza mabeseni, faneli na taa za koroboi. Mke wake Madina alikuwa akimfungia mlango wa karakana kila anapoona mtu asiyemjua anakuja.

Na bei ya makala haikushuka. Hilo ndilo watu wa zone hawakuliwaza. Siku moja Florentine aliingia kwa Pélagie kuazima ungo, akaliona jiko la kisanduku limesimama katikati ya jikoni, jipya. Si la Waziri. Lilikuwa limetengenezwa na mtu wa sokoni kwa bati jembamba la makopo ya maziwa, shingo yake fupi, kifuniko kinacheza, na pembeni yake, mkono mmoja tu kutoka kwenye moto, gunia la unga lilikuwa limefunguliwa mdomo. Pélagie ndiye aliyemfunika Colette kwa kanga siku ile. Alipoona Florentine ameganda mlangoni, alianza kulia, akasema afanye nini, ana midomo saba ya kulisha, na makala ni ya watu wa ofisi. Florentine hakumgombeza. Alisahau ungo, akarudi nyumbani.

Siku zilizofuata alipita nyumba baada ya nyumba kwa kisingizio cha salamu. Aliyaona kila mahali. Mafundi wa sokoni walikuwa wameiga umbo bila kujua lolote zaidi. Ndipo akaelewa kwamba majiko hayo hayatazuiliwa na chef wala na kilio chake yeye, na kwamba katika mji mzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua yalivyozaliwa.

Madina alimwona akikata uwanja, akasimama mlangoni mikono kiunoni. Alidhani mama wa marehemu amekuja kulaani nyumba. Alimwambia kwa heshima, lakini bila kutoka njiani, kwamba mume wake amekwisha kulipa kwa mwili wake, na kama kuna deni jingine, Mungu yuko.

"Sikuje kwa deni, mama Madina," Florentine akasema. "Nilikuja papa Waziri anionyeshe moto ule ulipita wapi."

Waziri alikuwa ndani, akamsikia kwa lile sikio moja. Alitoka. Akasema hajui. Akasema toka jela amekuwa akilala na kuamka na swali hilo, na hajui. Kwake kwenyewe lile jiko halikuwahi kupandisha moto.

"Bon," Florentine akasema. "Basi utengeneze lingine, sawasawa na lile. Tutaliwasha hapa uwanjani mpaka lipandishe."

"Mama Colette, mimi siwezi."

"Mimi pia siwezi. Lakini kwa Pélagie iko moja, na kwa Hadidja iko moja, na watoto wanalala pembeni."

Waziri alitengeneza. Hakuna aliyewahi kumwona akipiga bati taratibu namna ile, kama anayetengeneza jeneza. Walilisimamisha katikati ya uwanja, mbali na paa, na Florentine akaliwasha kama alivyozoea. Mara ya kwanza halikufanya kitu. Walilijaribu tena siku nyingine, na nyingine. Madina aliacha kuwanunia, akawa anawaletea chai. Mwishowe ni Florentine aliyekumbuka. Siku ya mvua ile hakuzoa majivu, kwa kuwa majivu yaliyolowa huchafua uwanja. Aliyaacha yamejaa chini. Tena kifuniko kilikuwa kimepinda kwa kugongwagongwa, na unga wa kisandukuni ulikuwa umebaki kidogo tu, mkavu kabisa, kwa sababu alimwachia Colette jiko bila kuujaza.

Wakafanya hivyo hivyo. Majivu tele chini, kifuniko kilichopinda, unga kidogo juu. Moto ulikosa hewa kwa chini, ukaitafuta kwa juu. Haukuonekana ukipanda. Unga wa shingoni uligeuka mweusi na kuungua bila ndimi, kama ncha ya sigara, na saa moja nzima jiko lilionekana limepoa, mpaka moshi wa njano ulipoanza kutoka ukingoni mwa kifuniko, mzito, ukishuka badala ya kupaa.

Waziri alimwambia arudi nyuma. Alitaka kulimwagia mchanga waishie hapo. Walikuwa wamekwisha kuona ya kutosha. Florentine alichukua mti mrefu wa kuanikia nguo.

"Yeye alifungua," akasema. "Wacha nifungue."

Akakisukuma kifuniko kwa ncha ya mti. Kwa muda wa pumzi moja hakukuwa na kitu. Kisha moshi wote uliokuwa ndani uliwaka kwa pamoja, na vumbi la unga lililotimka likawaka nao, na ule mlio ambao Pélagie aliusema ukapiga uwanja, mzito, mmoja. Ndimi zilisimama juu kuliko mtu, zikarudi. Joto lilimpiga Florentine usoni alipokuwa, hatua nyingi nyuma. Mti aliendelea kuushika. Madina alimkuta bado ameuelekeza mbele vilevile, akamfungua vidole kimoja kimoja, akamketisha. Florentine alisema neno moja tu, kwamba lilikuwa jambo la haraka. Kwamba alikuwa akifikiri Colette alipata muda wa kuogopa, na kumbe hakupata. Hilo alilishika kama kitu cha kumfaa, na huenda ndicho kilichomwezesha kuendelea.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya Waziri. Alirefusha shingo ya kisanduku na kuisimamisha wima zaidi, unga usilale humo ukaungua. Katikati ya shingo alipitisha kibati cha kusukuma, ambacho mpishi alikifunga kila anapoliacha jiko, moto wa chini usikutane na unga wa juu. Kifuniko akakitengenezea mdomo wa kushika ukingo wa kisanduku, na mpishi alizungushia udongo laini kila asubuhi. Akakiondoa kisanduku kutoka juu ya joto, akakisogeza pembeni. Sehemu ya Florentine ilikuwa maneno. Zoa majivu kabla ya kuwasha. Usiache unga kidogo ukaungulia kisandukuni. Ukimaliza kupika, komba unga wote. Gunia likae nje, nyumba nyingine. Na kisanduku kikitoa moshi, usikifungue hata kama mama yako yuko ndani yake: funga kibati, ziba chini kwa udongo, tandaza gunia lililolowa juu, toa watoto, ngoja.

Walianza kutembea pamoja, yeye mbele, Waziri nyuma na mkoba wa makasi na nyundo, nyumba kwa nyumba. Wengine waliwakaribisha. Wengine waliwafukuza, wakasema mwuaji na mfiwa wanafanya kazi moja, dunia imeharibika. Siku ya salongo, watu wote wa mtaa wakiwa wamekusanywa kufagia mifereji, Florentine aliomba nafasi ya kusema. Chef alimjibu kwamba kwanza apige kauli za chama. Akazipiga zote, kwa sauti, mkono juu, wanawake wakamwitikia, na alipomaliza akaanza mara moja na majivu.

Désiré hakustahimili. Kila alipotoka kazini alisikia mke wake ameonekana kwa nani na yule Mwungwana, kama walivyoitwa Waislamu wa mji huo. Hakumpiga, hakuwa mtu wa kupiga. Jioni moja alikuja bila gunia, akasimama mlangoni akauliza kama ni kweli ameketi akanywa chai kwa mtu yule.

"Nilikunywa," Florentine akasema.

"Alimuua mutoto yetu."

"Moto ndio ulimuua, Désiré. Na mimi niliacha majivu. Na weye ulileta unga. Tutamfunga nani tena?"

Hayo yalikuwa kweli, lakini alijua alipokuwa akiyasema kwamba mume wake hatayavumilia. Désiré alifungasha nguo zake akaenda kukaa kwa dada yake upande wa Mangobo. Walionana tena kwenye ibada ya kumbukumbu ya mtoto, wakasalimiana kwa mikono kama watu wa kazi moja. Baadaye alipata mwanamke mwingine na watoto.

Huko huko Mangobo kulitokea moto mwingine, wa jiko la mtu wa sokoni. Alikufa mama mmoja na mtoto wake wa mgongoni. Florentine alikwenda matangani, akaketi na wanawake, na hakuthubutu kusema lolote juu ya vifuniko. Alirudi akiwa amenyong'onyea, akamwambia Waziri kwamba mji ni mkubwa kuliko miguu yao. Kesho yake Waziri alikwenda mwenyewe sokoni, kwa wale mafundi walioiga kazi yake, akaketi kati yao akawaonyesha namna ya kukata kibati cha shingo. Wawili walicheka. Mmoja, kijana aliyeitwa Sébastien, aliomba aonyeshwe tena.

Katika Kabondo yenyewe mtoto mwingine hakufa. Lilitokea jambo kwa Hadidja, mjane aliyekaa nyuma ya msikiti: kisanduku kilitoa moshi yeye akiwa kisimani, na binti yake Safi, wa rika lile lile la Colette, alifunga kibati, akatandaza gunia lililolowa, akawatoa wadogo zake. Jiko liliharibika na ukuta ukawa mweusi. Zaidi ya hapo hakuna. Hadidja alimleta Safi kwa Florentine kushukuru, na kuku mikononi. Florentine alimshika msichana mashavu, akamsifu, akawasindikiza mpaka njiani. Aliporudi ndani alijifungia. Kilichomjaa hakikuwa furaha. Alimwonea wivu Hadidja, wivu mchungu hata akaona aibu mbele ya kuku aliyefungwa miguu pale chini. Hakumwambia mtu, isipokuwa Madina miaka mingi baadaye, na Madina akamwambia kwamba angeshangaa kama angehisi vingine.

Waziri alikufa kwa kifua, bado akifanya kazi. Waislamu walimzika siku ile ile, na Florentine, ambaye si wa dini yao, alisimama na wanawake nyuma ya uzio. Nacho kiwanda cha mbao kilikuwa kinakufa. Mashine zilikosa vipuri, mishahara ikakatika, na askari walipopora mji, walichukua hata mikanda ya misumeno. Kilima cha unga kikaota majani. Wanawake wa Kabondo walirudi kwenye makala na kuni, kwa bei yoyote, na majiko ya kisanduku yakatupwa nyuma ya nyumba, kuku wakatagia humo.

Florentine aliendelea kukaanga mikate. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kupinda, akawa anakaanga michache. Wasichana waliokuja kununua hawakujua tena jiko la kisanduku ni kitu gani, na hakuna aliyemwuliza. Alipaswa kufurahi, na upande mmoja alifurahi kweli. Lakini miaka yote ile alipokuwa akifundisha namna ya kuzoa majivu, mtu alimwuliza alijuaje, naye alipata kulitaja jina la mtoto wake. Sasa asubuhi nzima ilipita, beseni likaisha, akafunika mafuta, na jina hilo hakulisema.